Fahali wa Wifi Yangu Dorotea

Daftari halikuchomwa. Nalisema hilo kwanza kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, hapa Mkolani na kule Mabatini, mitaa yetu ya Mwanza, na mwezi uliopita nimelisikia hata msibani, kutoka kwa mama mmoja ambaye hakujua kwamba nimekaa nyuma yake. Daftari lipo. Lipo kabatini kwangu, chini ya vyeti vyangu vya ualimu, na anayetaka kuliona aje mchana, abishe hodi kama watu wanavyobisha, nitamwonyesha. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jalada la kijani na doa la chai.

Wala halikuwa daftari la dawa. Mwenye daftari, wifi yangu Dorotea Chenge, hakuwa mchawi. Alikuwa mpangaji wa madaraja ya pamba aliyepunguzwa kazini, akauza chai, akajifunza mchezo wa gemu akiwa na miaka arobaini na saba, akawashinda wanaume. Hayo ndiyo makosa yake yote. Nitayaeleza mimi, maana nilikuwepo.

Dorotea alikuwa dada wa marehemu mume wangu, Yeremia. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza moja katika kiwanda cha kuchambua pamba, anashika pamba kwa vidole, anaivuta, anasema: safi, au fifi. Safi ni ile nyeupe. Fifi ni ile yenye majani makavu na madoa, na bei yake ni ya chini. Wakulima walimwogopa kwa sababu alikuwa haangalii uso wa mtu, anaangalia pamba. Mjomba wake wa damu alileta magunia sita kutoka Misungwi, akaambiwa fifi yote, na hakumsalimia Dorotea mpaka msimu uliofuata. Huo ndio uliokuwa moyo wake. Na vumbi la pamba lilimwingia machoni miaka yote hiyo, macho yakawa mekundu, yakabaki mekundu hata baada ya matone ya hospitali. Msomaji alishike hilo la macho. Usukumani, mwanamke mtu mzima mwenye macho mekundu hahitaji kufanya kosa jingine ili aitwe mchawi.

Biashara ya pamba ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na mizani yao, kiwanda kikakosa pamba ya kuchambua, na mwaka tisini na sita Dorotea akapewa barua. Yeremia alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nikamwambia, "Wifi, njoo Mkolani. Nyumba aliijenga kaka yako." Akaja na sanduku moja la bati na birika kubwa la alumini, na kwa birika hilo akaanza kuuza chai ya rangi na mayai ya kuchemsha Mabatini.

Karibu na pale alipoweka jiko lake palikuwa na ukumbi wa Bashiru. Bashiru alikuwa mtu wa kuuza vitenge, lakini miaka ile kila mtu alikuwa anajaribu biashara mpya, naye akaenda Dubai akarudi na televisheni, na safari ya mwaka tisini na nane akarudi na mashine ndogo za gemu, zile za kushika mkononi, zenye kioo kama cha saa kubwa. Mchezo uliopendwa ulikuwa wa wanyama. Kila mchezaji alikuwa na kaseti yake yenye jina lake kwenye plasta, na ndani ya kaseti wanyama wake, aliowalea kwa wiki nyingi. Wachezaji wawili waliunganisha mashine zao kwa waya, kila mmoja akachagua wanyama watatu, wakapigana kwa zamu, mmoja kwa mmoja, mpaka upande mmoja uishe. Ukitaka kumrudisha mnyama wako na kuingiza mwingine unaruhusiwa, ila umepoteza zamu hiyo.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Mabatini nzima hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Walikuwa wanabonyeza kwa kubahatisha na kupiga kelele.

Dorotea aliingiza chai, akasimama, akatazama. Jioni akaniambia nikiwa nakata mchicha, "Wifi, wale watu hawapangi."

"Hawapangi nini?"

"Hawajui kipi safi na kipi fifi. Wana fahali mzuri, mabega yake yanaonekana, halafu wamemfundisha kutema moto. Wamempa fahali filimbi."

Nilimwambia kuwa ule ni mchezo wa watoto na kwamba binti wa mzee Chenge hapaswi kuonekana mle ndani. Sitaficha hilo. Nilisoma mpaka chuo cha ualimu, nimefundisha hesabu sekondari miaka kumi na tisa, na niliona aibu. Yeye akacheka. Kesho yake alimpa Bashiru mayai mawili bila malipo, akaomba kaseti yake na kushika mashine saa za mchana, wakati ukumbi hauna watu.

Alifanya kama alivyofanya kiwandani. Hakubahatisha. Alichukua njiti ya kiberiti, akaichonga alama ndogo kumi kwa wembe, na kila pigo likipigwa alikuwa anaweka njiti juu ya kioo, kwenye ule mstari unaoonyesha uhai wa mnyama, na kuandika umepungua alama ngapi. Ndivyo alivyogundua jambo ambalo wengine hawakuliona mwaka mzima: mapigo ni ya aina mbili. Kuna pigo la mwili, yaani pembe, meno, kwato. Na kuna pigo la pumzi, yaani moto, maji, upepo. Kila mnyama ana nguvu yake kwa kila aina, na ana ngozi mbili, moja ya kuzuia mwili na moja ya kuzuia pumzi. Fahali alikuwa na mwili wa ajabu na pumzi ya panya. Dorotea akamfutia moto wote, akampa pembe na kwato. Akamwita Nzagamba, ambalo ni fahali kwa Kisukuma.

Lakini fahali mwenye nguvu peke yake hashindi, na hapo ndipo watu walipoanza kumwona Dorotea wa ajabu. Fahali ni mzito, anapigwa kabla hajapiga. Fahali akikutana na gamba gumu, pembe zinateleza. Fahali akiunguzwa, nguvu ya mwili wake inakatika nusu, na njiti ilionyesha hivyo kila mara. Basi Dorotea akamtafutia wenzake. Mmoja alikuwa mmea wenye vumbi la kuganzisha, akauita Upupu. Wa pili samaki wa kutema maji, Kambare. Upupu aliganzisha adui, Kambare alivunja magamba, ndipo Nzagamba aliingia, kazi ikiwa imeshalainishwa. Akaandika ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake wa stoo: *Fahali hafungui zizi. Hufunguliwa.*

Jumamosi mchana kulikuwa na mashindano. Aliyekuwa anashinda kila mara aliitwa Mhoja, muuza vipuri vya baiskeli, kijana wa miaka thelathini hivi, mcheshi, mwenye sauti. Dorotea alimshinda Jumamosi saba mfululizo.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasio wa huku. Katika mashindano ya ngoma za Kisukuma, vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watazamaji. Watu wakihama kutoka huku kwenda kule, wazee husema kule wana samba, yaani dawa ya kuvuta watu. Baba yake Mhoja alikuwa kiongozi wa ngoma kwa miaka thelathini, na Mhoja alikua akiangalia watazamaji kuliko wachezaji. Jumamosi ile ya saba aliinua macho kutoka kwenye mashine akaona benchi lake tupu. Wote walikuwa wamesimama nyuma ya Dorotea.

"Watu wamehama," akasema. Kisha, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mimi nimezaliwa ndani ya ngoma. Samba nikiiona naijua. Tazameni macho yake. Na ile njiti anayoigusisha kwenye kioo ni ya nini?"

Bashiru akamwambia, "Acha hizo, Mhoja. Umeshindwa, kanywe soda."

Lakini neno lilikuwa limetoka. Mabatini na Mkolani si mbali kwa neno kama hilo. Jumanne asubuhi niliamka kufagia, nikakuta msalaba wa mkaa umechorwa kwenye mlango wetu, mkubwa, kutoka kitasa mpaka juu. Yeyote aliyeishi Usukumani miaka ile anajua maana yake. Walikuwepo wanawake waliochorewa mlango na kabla ya mwezi kwisha wakazikwa. Dorotea alikuja na ndoo ya maji na kitambaa. Nikamshika mkono.

"Usiufute," nikasema. "Aliyeuchora ataufuta."

"Wifi, watu wanapita."

"Wapite. Wauone. Nyumba hii ina jina, na jina hilo halijifichi."

Saa nne tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Antoni. Tulimwamkia, akaitikia, akatuweka kwenye viti vizuri, jambo ambalo lilinionyesha kwamba hatatusaidia.

"Dada Dorotea," akasema, "mimi sikuiti mchawi. Mimi ni Mkristo. Lakini watu wana maneno, na vijana wa ulinzi wananiuliza. Nina njia nyepesi. Jumamosi hii nenda kacheze na Mhoja, ushindwe. Mara moja tu. Dawa iliyoshindwa si dawa. Watu watacheka, watatulia."

"Nishindwe makusudi?"

"Mara moja."

"Mzee Antoni," Dorotea akasema, "pamba yako nimeipima mimi miaka mingapi?"

"Mingi."

"Niliwahi kuandika safi kwenye fifi ili mtu atulie?"

Mzee akatazama kofia yake. "Hukuwahi. Uliniandikia fifi mwaka themanini na nne, nakumbuka."

"Ilikuwa na majani."

"Ilikuwa na majani," mzee akakubali. "Lakini dada yangu, usiposhindwa uhame kabla ya Jumapili. Siwezi kukesha mlangoni kwenu."

Tulirudi nyumbani. Nilipofika jikoni hasira ndiyo ilinitoka, na nasikitika kwamba ilimtokea yeye. Nilimwambia aache mchezo kabisa, achome kaseti, arudi kwenye chai. Akaketi kwenye kigoda, akaanza kumenya vitunguu kana kwamba nasema juu ya mtu mwingine.

"Nikiacha watasema nimegundulika," akasema. "Nikishindwa nitakuwa nimesema uongo mbele ya watu. Nikishinda ni samba. Kwa hiyo mimi nisicheze. Acheze mtu mwingine, kwa wanyama wangu na kwa daftari langu, mimi nikiwa mbali. Kama daftari linashinda mkononi mwa mtu mwingine, basi ni maarifa, si mimi."

"Nani atakubali?"

Akaniangalia.

"Usiniangalie hivyo, Dorotea."

"Wifi, wewe hata mwarobaini hunywi. Umekataa majani ya kikohozi kwa mama mkwe mwaka mzima mpaka akalia. Hakuna mtu Mwanza nzima anayeweza kusema Mwalimu Bernadeta ana dawa. Huna hata ya minyoo."

Nilicheka, Mungu anisamehe, mkaa ukiwa mlangoni. Na nilipomaliza kucheka nilikuwa nimeshakubali.

Tulikuwa na siku nne. Bashiru alituazima mashine mbili na waya, akazileta mwenyewe pamoja na jibu la Mhoja kwamba yuko tayari kucheza nami, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Tuliweka meza barazani, mchana kweupe, mbele ya mlango ule wenye msalaba, ili kila mpita njia aone tunachofanya. Dorotea alinifundisha kama mtu anayefundisha punda. Mimi, niliyefundisha watoto wa watu milinganyo, nilipigwa kofi mkononi kwa kubonyeza upesi.

"Kwa nini umemwingiza?"

"Upupu alikuwa anakufa."

"Acha afe. Akifa, anayefuata anaingia bure, hapigwi mlangoni. Wewe umemtoa fahali katikati ya zamu, kapigwa akiwa anaingia. Soma ukurasa wa tatu."

Nilisoma. *Fahali huingia pale mwenzake alipoangukia, au adui anapofanya jambo lisilouma.*

"Na hapa kwa nini umekaa kunoa pembe?"

"Umesema kunoa kunaongeza nguvu."

"Mara moja, wifi! Mara ya pili ni uchoyo. Wakati unanoa, mwenzio anapiga."

Mhoja alikuwa na Mwewe, ndege mwepesi. Kobe, mwenye gamba la mawe. Na Kibatari, kitu kama taa chenye miguu, kinachounguza. Huyo wa mwisho ndiye ambaye Dorotea alimwogopa. Chini ya jina lake alipiga mistari miwili: *Kibatari akitokea, mrudishe fahali hata kama watu watacheka. Fahali aliyeungua ni ng'ombe wa maziwa.*

Alinikazia hilo zaidi ya yote. "Wewe hupendi kuchekwa," akasema. "Huo ndio ugonjwa wako. Mhoja ataujua kabla hujakaa."

Jumamosi saa nane mchana Dorotea alikwenda kuketi kwenye baraza ya Mzee Antoni, mbele ya mzee, mke wake, na vijana wawili wa ulinzi, akiwa na ungo wa karanga za kubambua. Macho yake yawe huko, maili kadhaa kutoka Mabatini, yanatazamwa. Mimi nilivaa gauni langu la ubarikio wa mwisho niliosimamia, nikachukua daftari, njiti na kaseti, nikaenda.

Ukumbi ulijaa mpaka nje. Kwa kuwa kioo ni kidogo na hakionekani na watu, Bashiru alikuwa anasimama katikati ya wachezaji na kutangaza kama mpira wa redio. Kabla ya kuanza nikampa daftari. Akalifungua ukurasa kwa ukurasa mbele ya watu, akalikung'uta, hakikuanguka kitu. Akakagua njiti, akaivunja vipande viwili kwa idhini yangu. Sikuihitaji. Vipimo vilikuwa vimeshaandikwa.

Mhoja akanyanyuka kunisalimia, maana alilelewa vizuri, hilo sikatai. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Umeleta chaki?"

"Nimeleta kiboko. Kaa vizuri."

Watu wakacheka, wakasogea upande wake. Upande wangu alibaki mama mmoja anayeuza ndizi, na nadhani ni kwa sababu ya kivuli.

Nikafungua kwa Upupu. Yeye akatoa Mwewe. Mwewe akapiga kwanza, Upupu akayumba, lakini akamwaga vumbi lake. "Mwewe kaganda mabawa!" Bashiru akatangaza. "Mwewe wa Mhoja sasa anakwenda kama kuku wa kizungu!" Pigo la pili Upupu akafa. Ukurasa wa tatu. Nikamwingiza Nzagamba pale mwenzake alipoangukia, bila kupigwa mlangoni. Mwewe angekuwa mwepesi kuliko yeye, lakini Mwewe alikuwa ameganda. Fahali akatangulia, pembe moja, Mwewe akaanguka.

Ukumbi ukapiga mayowe. Mtu mmoja akasema, "Mama huyu!" Na hapo, nitasema ukweli, nilisikia utamu. Nilielewa kwa nini Dorotea alikuwa anarudi nyumbani anaimba.

Mhoja akatoa Kibatari. Akainua macho, akatabasamu. "Mwalimu," akasema taratibu, "piga basi. Una fahali. Au mpaka uombe ruhusa kwa wifi?"

Wakacheka wote. Fahali wangu alikuwa mzima kabisa, na pigo moja zuri pengine lingetosha kumzima yule Kibatari. Lakini Kibatari ni mwepesi, angetangulia kuunguza. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha pembe. Yote aliyoniambia Dorotea niliyajua, na bado kidole hakikutaka kuondoka, kwa sababu mtu alikuwa ananicheka mbele ya watu na mimi ni mjane wa Yeremia Chenge.

Nikamrudisha fahali.

"Mwalimu kakimbia!" wakapiga kelele. "Kafunga zizi!" Mmoja akapiga mluzi wa kuita ng'ombe. Nilikaa wima. Kambare akaingia, akaungua badala ya Nzagamba, na Bashiru alipotangaza kwamba kaungua walishangilia kama vile mchezo umekwisha. Hawakujua kilichoandikwa ukurasa wa tano: kuungua kunakata nguvu ya mwili, hakukati pumzi. Kambare hapigi kwa mwili. Akatema maji mara moja, Kibatari akayumba; akatema mara ya pili, Kibatari akazimika.

Kelele zikapungua. Nikasikia viatu vinasogea kwenye sakafu.

Akabaki Kobe. Kambare akamtemea mara moja, gamba la mawe likaloana, uhai wake ukashuka mpaka robo. Kobe akamkanyaga, na Kambare aliyekwisha kudhoofishwa na moto akafa. Nzagamba akaingia tena, bure, mzima, hajaungua. Nikapiga, pembe zikateleza kwenye gamba, Kobe akabaki na uhai kidogo. Sasa Mhoja hakuwa na mzaha. Akafanya jambo la akili: akamlaza Kobe. Kobe akilala anapona uhai wote, ila hawezi kufanya kitu kwa zamu mbili.

"Kobe kalala na kapona!" Bashiru akasema, na sauti yake haikuwa ya mtangazaji tena. "Mwalimu, una zamu mbili."

Nilifungua daftari mbele ya kila mtu, nikasoma. *Adui akilala, noa mara moja. Usinoe mara mbili.* Ndipo hesabu zangu zikaonekana zina kazi. Kobe ni mzito kuliko fahali, kwa hiyo hata zamu atakayoamka nitatangulia mimi. Nikinoa mara moja, nina pigo moja akiwa amelala na jingine kabla hajanyanyua mguu. Mapigo mawili yanatosha. Nikinoa mara mbili nitabaki na pigo moja, na pigo moja kwa gamba lile halitoshi. Wifi yangu aliyeishia darasa la nane alikuwa amepiga hesabu ile kwa njiti ya kiberiti.

Nikanoa mara moja. Nikapiga, uhai wa Kobe ukashuka chini ya nusu. Kobe akafumbua macho. Nikapiga tena.

Kobe akaanguka. Bashiru aliweka tu mkono begani kwa Mhoja.

Mhoja aliinua macho kama alivyofanya Jumamosi ile nyingine, akatazama benchi lake. Lilikuwa tupu. Wote walikuwa nyuma yangu. Niligeuka nikawaona, mpaka mlangoni. Mtu mmoja akasema, nusu kwa mzaha, "Basi na Mwalimu ana samba."

"Huyu?" mama wa ndizi akadakia. "Huyu aliyemfukuza mganga kwenye msiba wa mumewe kwa mwavuli? Labda samba ya Baba Yetu uliye mbinguni!"

Kicheko kile kilikuwa kirefu, na kilikuwa cha watu waliopona. Nilisimama, nikaweka daftari mbele ya Mhoja.

"Dawa huwa inafichwa au inanakiliwa?" nikamuuliza.

Akaliangalia jalada la kijani.

"Wewe umezaliwa ndani ya ngoma. Jibu."

"Inafichwa, Mwalimu."

"Basi njoo Mkolani na daftari jipya na kalamu, unakili hili lote. Kisha umshinde mwingine, na akikuita mchawi, umweleze."

Alikuja. Siku tatu mchana alikaa barazani kwetu akinakili, akinywa chai ya Dorotea, na kumuuliza maswali kama mwanafunzi. Baada ya hapo wakawa wanashindana kwa haki, mara huyu mara yule, mpaka Bashiru alipofunga ukumbi. Anayesema kwamba Dorotea aliacha mchezo kwa hofu amwulize Mhoja, yupo hai, duka lake lipo Mkuyuni. Dorotea hakuhama. Aliishi katika nyumba ya kaka yake miaka minane zaidi, akafa kwa shinikizo la damu, hospitali, mchana, akiwa ameshika mkono wangu. Macho yake yalikuwa mekundu mpaka mwisho.

Limebaki la mkaa, maana ndilo mnaloniuliza kila mara.

Jumapili, siku iliyofuata pambano, tulikuwa tunatoka kanisani mimi na Dorotea. Tulipofika kwenye kona ya nyumba tukamwona mtu amepiga magoti mbele ya mlango wetu, ana ndoo, kitambaa na kipande cha sabuni ya mche, anasugua. Alikuwa amefika katikati. Alitusikia, akageuka, akabaki vile vile na kitambaa mkononi, maji meusi yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Dorotea akasema, "Juu hujafika. Malizia, halafu uingie unywe chai." Akamalizia. Akaingia, akanywa chai.

Wengine hudhani ni Mhoja. Wengine humtaja Mzee Antoni, wengine mtu wa ukoo wetu wenyewe. Mimi nilimwona uso wake, na Dorotea alimwona, na Dorotea amezikwa nalo. Jina hilo siliandiki hapa, sitalisema kanisani, wala kitandani nikiwa nakufa. Msinitumie wajukuu kuniuliza. Mlango ni safi.

Sisemi zaidi.